Masta sawa, ila kwanza tuone programu

Mhariri mmeuliza wiki hii kama masta au PhD ya kompyuta ni ushahidi kwamba mtu anajua kuprogramu. Mi nasema hapana, na nipo kwenye hiyo kazi hapa Mwanza, tunatengeneza mifumo ya wafanyabiashara, wengi wao wa dagaa pale soko la Mwaloni Kirumba.

Kazi yenyewe iko hivi. Dagaa wanapimwa, karani anaingiza kilo kwenye simu, anabonyeza kulipa, netiweki inakata. Haoni jibu, anabonyeza tena, kumbe ile ya kwanza ilishafika, mwenye mzigo kalipwa mara mbili na bosi anakuja juu. Anayejua kuprogramu hilo analiwaza mapema, kila malipo anayapa namba yake kulekule kwenye simu ili seva ikiiona namba ileile tena ijue hii nishalipa, iache. Tulishampa tatizo hili kijana mmoja mwenye masta, anakueleza databesi mpaka unafurahi, kutwa nzima akabaki anachora michoro. Na ana akili kweli, sema hakuna aliyewahi kumkalisha na programu ambayo watu wanaitegemea kwa hela yao.

Ndo shida ilipo. Tasnifu inapimwa kwa jambo jipya ulilogundua, programu uliyoandika humo ikishatoa majibu ya utafiti basi, hakuna anayeuliza itakuwaje mwakani. Hata waliobobea yanawakuta: Joshua Bloch ana PhD ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, na ni developa (mtengeneza programu) mkali kwelikweli, ila mwaka 2006 alieleza wazi kwamba programu yake ya kutafuta kitu kwa kugawa orodha nusu kwa nusu, iliyokuwa ndani ya lugha ya kuprogramu ya Java, ilikaa na kosa miaka kama tisa. Ili ipate katikati ya orodha, ilikuwa inajumlisha namba ya mwanzo na ya mwisho ndo igawe kwa mbili, sasa jumla ikizidi 2,147,483,647, kikomo cha namba za aina hiyo, inageuka hasi na programu inakwama. Njia yenyewe ilishathibitishwa kihesabu kitambo, kosa likaja kuonekana orodha zilipokuwa kubwa mno.

Kwa hiyo nyie mnaotangaza kazi ya developa mnaandika "masta ni lazima" mnaniumiza sana, mnawafungia nje vijana wanaoweza. Sisi waombaji wote tunawapa programu ileile yenye kasoro, laptopu, intaneti wazi na nusu siku, halafu tunakaa nao watueleze wamebadilisha nini na kwa nini. Vyeti tunaviomba baada ya hapo.