Mdogo wangu, nenda kwenye hicho kikao: uji wa mwanangu ulivyonifundisha

Mdogo wangu uliyeuliza jana, nimelisoma swali lako mara mbili. Mtoto yuko darasa la pili, wewe unafika nyumbani saa mbili usiku, shule inadai hela ya uji na ya majaribio wakati umesikia elimu ni bure, na Alhamisi saa nne asubuhi kuna kikao cha wazazi. Unauliza ulipe unyamaze, au ugome. Wengi wamekwambia lipa, kikao achana nacho. Mimi nakusihi uende, hata kama siku hiyo utakatwa.

Nina watoto watatu, naishi Gongo la Mboto, Dar es Salaam. Kwa miaka tisa nilikuwa kibarua kwenye kiwanda kimoja Barabara ya Nyerere. Naondoka saa kumi na moja alfajiri, narudi watoto wameshalala. Baba yao ni dereva wa lori, siku nyingi yuko njia ya Tunduma. Vikao vya shule sikuvihudhuria hata kimoja. Nilijua kazi yangu ni kununua sare na madaftari, mengine ni ya walimu.

Mwaka 2017 kijana wangu mkubwa alikuwa darasa la tatu. Siku yangu ya mapumziko nikapita shuleni kumpelekea daftari alilosahau. Nikakuta watoto wako kwenye foleni ya uji na vikombe vyao, yeye na wenzake kama ishirini wamekaa chini ya mwarobaini, upande wa pili wa uwanja. Nikamuuliza, akasema ameshiba. Usiku nilipombana ndipo akatoa la moyoni: "Mama, sisi hatujalipa." Ilikuwa wiki ya tatu. Aliogopa kuniambia kwa sababu alinisikia nikihesabu hela ya kodi ya chumba.

Asubuhi ile sikuenda kazini. Nilikwenda kwa mwalimu mkuu nikiwa nimewaka. Akanisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akanifungulia daftari la mapato na matumizi. Sikuwahi kujua mzazi anaruhusiwa kuliona.

Hesabu yenyewe ni hii, na wewe uibebe. Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada na michango ya lazima, ukaanza kutekelezwa Januari 2016. Serikali inatoa ruzuku ya uendeshaji, shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka. Katika hizo, 4,000 zilibaki juu kwa ajili ya vitabu, shuleni zikafika 6,000. Gawanya kwa miezi 12: shilingi 500 kwa mtoto kwa mwezi. Shule yetu ilikuwa na watoto kama 1,400, kwa hiyo ilipata karibu 700,000 kwa mwezi. Humo mna chaki, karatasi za mitihani, ukarabati, michezo na shughuli za ofisi. Chakula hakimo. Mlinzi naye hakuwemo. Uji uliamuliwa na wazazi wenyewe kikaoni, shilingi 4,000 kwa mwezi, na hilo la asiyelipa kutokunywa likapitishwa hapohapo. Nilipouliza walihudhuria wangapi, nikaambiwa hawakufika sitini.

Watu sitini waliamua tumbo la mwanangu lishinde tupu, na mimi sikuwepo kusema hapana. Sikuwa na wa kumlaumu kwa wepesi. Mwalimu mkuu hana hela, mpishi anadai mshahara wake, na wale sitini walitoa mfukoni mwao. Ila utaratibu ule ulikuwa mbaya, na mpaka leo nasema ulikuwa mbaya. Mtoto hakutakiwa kubeba deni la mzazi mbele ya wenzake.

Uchaguzi wa kamati ya shule ulipokuja nikajaza nafasi ya mzazi. Kitu cha kwanza nilichopigania ni siku ya kikao. Alhamisi saa nne asubuhi wanakuja nani? Wenye maduka karibu na wastaafu. Tukahamishia Jumapili saa tisa alasiri, na mara ya kwanza tu viti havikutosha, watu wakakaa kwenye madawati yaliyotolewa nje. Tukakubaliana asiye na fedha taslimu alete mahindi au kuni, au aje kupika zamu moja. Orodha ya wasiolipa ikawa inakaa kwa mweka hazina, haisomwi mstarini tena. Na kila mwezi matumizi yanabandikwa ubaoni getini: unga kilo ngapi, sukari kilo ngapi, mpishi kalipwa kiasi gani. Hilo la ubao lilileta hela kuliko vitisho vyote.

Januari 2018 Rais Magufuli akapiga marufuku michango mashuleni. Walimu waliogopa hata kugusa sarafu, na uji ukafa. Usidhani hilo lilitupa nafuu. Kufika saa sita watoto walikuwa wanalala juu ya madawati, na wa darasa la kwanza ndio walioteseka zaidi. Ilipofafanuliwa kwamba mzazi anaweza kuchangia kwa hiari, ila mwalimu asishike fedha, sisi wazazi tulianza upya kwa baraka za kata.

Sasa kuhusu kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za uzazi, baba siku 3, na mfanyakazi siku 4 mtoto akiumwa au akifariki. Siku ya kikao cha shule haimo, kwa hiyo usiende kwa msimamizi ukidai haki ambayo haijaandikwa. Mimi nilichukua tarehe za vikao mwanzoni mwa muhula, nikampa msimamizi mapema, nikabadilishana zamu na mwenzangu: yeye ananishikia siku ya kikao, mimi namshikia sikukuu. Msimamizi aliyekuwa ananikatalia siku ya tukio alikubali alipojulishwa wiki sita kabla.

Na usiku, mdogo wangu, usimwamshe mtoto. Nilikuwa nafungua daftari lake kwenye mwanga wa simu, naandika swali moja kwa penseli: "Hapa ulipataje 14?" Asubuhi nimeshaondoka, yeye anajibu kwa maandishi kabla ya kwenda shule. Kuna wiki tuliongea zaidi kwenye daftari kuliko kwa mdomo. Wako yuko darasa la pili, wakati wa KKK hasa, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, akizoea kukusomea na kukuandikia sasa utamsaidia sana. Mwalimu wake wa darasa aliona yale maandishi, akaanza naye kuniandikia pembeni.

Alhamisi ukifika, uliza mambo mawili tu, kwa adabu na kwa sauti ya kusikika. La kwanza, ruzuku ya muhula huu iliingia kiasi gani na imebandikwa wapi. La pili, mtoto ambaye mzazi wake hajalipa uji anakaa wapi wenzake wanapokunywa. Kabla hujaondoka, omba kikao kijacho kiwe Jumapili. Hela ya uji ukiwa nayo lipa, uchukue stakabadhi. Ya majaribio ngoja kwanza uone daftari, maana mitihani ina fungu lake kwenye ruzuku.

Ukitoka kikaoni rudi hapa utuambie walivyojibu lile la pili.