Mnaoanza kazi hebaria: msikate tawi la kwanza mnalolifikia

Wiki hii kimeletwa tena hapa hebaria, tunakohifadhi mimea iliyokaushwa, kijitawi kimoja, majani manne yenye miiba, hakina ua wala tunda, na lebo inasema "Ilex, bustani, Karen". Wadogo zangu, nawapenda, lakini hili limejirudia mno. Ilex ni kundi jingine kabisa la miti; mti wenyewe ni mwaloni, Quercus ilex.

1. Kateni juu na chini. Mwaloni huu wa pwani za Mediterania hubaki na majani mwaka mzima, ila majani yake hayafanani. Miche, machipukizi ya shinani na matawi ya chini huwa na meno makali ukingoni, ilhali kileleni majani mengi hayana jino hata moja. Aliyesimama chini na mkasi mfupi anafikia miiba tu.

Kijana wetu alilinganisha kijitawi chake na Ilex mitis, ile yetu ya Aberdare na Mlima Kenya. Akaona majani hayalingani, akaamua basi ni Ilex aquifolium ya Ulaya, na mchana mzima ukaishia hapo. Inaniuma, kwa sababu ushahidi alikuwa nao mezani. Hakuligeuza jani. Upande wa chini ulikuwa umefunikwa na vinyweleo vya kijivu vilivyosongamana kama blanketi, na jani la aquifolium halina hivyo. Hakuitazama pia ncha ya kijitawi, ambako vichipukizi kadhaa vilikuwa vimejikusanya pamoja, alama ya mialoni ambayo hata mti usio na matunda hauwezi kuificha. Tulirudi naye na mkasi wa mpini mrefu. Majani ya juu yalishuka bila miiba, na tulipofukua takataka chini ya mti tukapata vikombe vikavu vya magamba, vile vinavyoshika kokwa, yaani tunda la mwaloni. Uso wake uling'aa, na mimi nilifurahi kuliko yeye.

2. Okoteni vya chini, kisha andikeni tarehe. Kokwa za Quercus ilex hukomaa mwaka uleule wa maua. Za Quercus coccifera, mwaloni mwingine wenye miiba vilevile lakini karibu bila vinyweleo, huchukua miaka miwili.

3. Kokwa za kupanda msizikaushe kama mbegu za mgunga. Zikikauka zimekufa. Ziwekeni kwenye unyevu, mzipande mapema.

4. Badilisheni kila siku magazeti mnayokaushia mimea. Julai ya Nairobi mnaijua: baridi, mawingu, halafu ukungu ndani ya presi, kile kibanio cha kukaushia mimea.

5. Lebo iseme mti umepandwa. Barani Afrika mialoni ya asili iko kaskazini tu, Morocco, Algeria na majirani zao. Mkiandika "Karen, mti mkubwa" mkaishia hapo, mtafiti atakayefungua kabati baada ya miaka 50 ataiweka Kenya kwenye ramani ya mialoni ya mwituni, na hamtakuwepo kumrekebisha. Karatasi isiyo na neno hilo nairudisha mezani kwako siku hiyohiyo.