Chumvi kiasi gani hudumaza lemna?

SWALI: Assalaam alaykum. Kisima chetu kiko karibu na pwani, na kiangazi maji yake hukolea chumvi. Tunataka kukuza lemna, vile vijani vidogo vinavyoelea juu ya maji, tuwalishe bata. Tumejaribu kupima chumvi inavyoviathiri, lakini hata chombo kisichotiwa chumvi hakikui vizuri. Tumekosea wapi?
Msomaji, Micheweni, Pemba

JIBU: Waalaykum salaam. Chombo hicho kisicho na chumvi ndicho mizani yenu. Kikidumaa, vingine havina cha kulinganishwa nacho. Maabara hudai kiongezeke kama mara 7 kwa siku 7. Nyumbani, kisipofika hata mara 4, lianzeni upya jaribio. Tunashuku maji ya mvua yaliyopita juu ya bati: hubeba zinki, na lemna haiivumilii. Kingeni mvua moja kwa moja kwenye ndoo, mbali na paa. Vyombo viwekeni kivulini penye mwanga, maana bakuli dogo juani huchemka.

Chumvi ya kisima chenu imetoka baharini, kwa hiyo tumieni maji ya bahari yenyewe kuliko chumvi ya dukani. Yachoteni mbali na mdomo wa mto. Lita moja huwa na takriban gramu 35 za chumvi. Tayarisheni viwango vitano: mililita 0, 50, 100, 150 na 200 za maji ya bahari. Kila kimoja kitieni mililita 50 za maji ya samadi yaliyochujwa, kisha jazeni maji ya mvua hadi lita moja. Samadi ikizidi kwenye chombo kimoja, mtakuwa mnapima mbolea. Kila kiwango kiwe na vyombo vitatu, na kila chombo vijani 12 vyenye afya.

Wekeni alama ya usawa wa maji kwa nje. Yakipungua, ongezeni maji ya mvua matupu: kinachoondoka hewani ni maji, chumvi hubaki na kukolea. Funikeni kwa kipande cha chandarua, mbu wasitage humo.

Siku ya 7 hesabuni kila kijani, hata kichanga kinachochungulia ubavuni mwa mama yake. Vilivyopauka kabisa viandikeni kando. Sasa msitoe idadi kwa idadi, kwani mmea huu huzidishana. Gawanyeni idadi ya mwisho kwa ya mwanzo, tafuteni logi asilia (kitufe cha ln kwenye kikokotoo), kisha gawanyeni kwa 7. Tuseme vijani 12 vimekuwa 84 bila chumvi: 0.278 kwa siku. Penye chumvi vimekuwa 36: 0.157. Ukuaji umeshuka kwa asilimia 44, ingawa kwa kutazama idadi tu mngesema 57.

Idadi peke yake pia hudanganya, kwani penye chumvi vijani vinaweza kuwa vingi lakini vidogo, na mizizi ikafupika. Vikausheni kwa nyuzi 60 mpaka uzito usibadilike, mvipime kwa mizani ya maabara ya skuli inayosoma miligramu. Mizani ya jikoni haitaona kitu.