Barua kwa mwanangu kuhusu upinde na vyura

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na nimefurahi mno kusikia kwamba umeushusha upinde wa mjomba wako pale ulipokuwa umetundikwa miaka yote hii. Unaniuliza ncha gani ya mshale inafaa kuwinda vyura bwawani, na kama kuichemsha nyama yao kwa muda mrefu kunatosha ili hata mtoto aweze kula. Nitakujibu yote mawili. Lakini yote mawili yanakuja baada ya swali jingine ambalo hukuliuliza: utamtambuaje chura unayemlenga usiku, ukiwa huoni kitu ila macho mawili yanayong'aa mbele ya tochi?

Nianze na moto, kwa kuwa ndio uliouwekea imani yako. Moto huua kilicho hai. Mabuu ya tegu aina ya Spirometra, ambayo hukaa ndani ya misuli ya mapaja yakiwa vipande vyeupe, vyembamba, vilivyojikunja, hufa kwa moto. Minyoo ya mapafu ya panya, ambayo chura huipata kwa kula konokono na makoa, nayo hufa. Bakteria wa salmonela, wanaoweza kuishi tumboni mwa chura bila yeye kuonekana mgonjwa, hufa pia, mradi joto la ndani kabisa ya nyama, pale inapogusana na mfupa, lifike nyuzi 74 za Selsiasi. Kwa macho, utaiona nyama imekuwa nyeupe yote na inaachana na mfupa bila kuvutwa. Ukiona wekundu au ung'avu kwenye kiungo, rudisha chombo motoni. Kuiloweka nyama katika maji ya chumvi au ndimu hakuchukui nafasi ya moto hata kidogo.

Lakini sumu haiko hai, kwa hiyo haifi. Chura wa nchi kavu mwenye ngozi kavu yenye vivimbe ana tezi mbili nene nyuma ya macho, na maziwa yatokayo humo yana sumu inayovuruga mapigo ya moyo. Umchemshe, umkaange, umbanike, sumu hiyo inabaki. Kuna vyura ambao wao wenyewe hawana neno, ila wamekula kitu. Madaktari wa jeshi la Ufaransa huko Algeria waliandika, mwaka 1861 na tena 1893, juu ya askari waliougua vibaya sehemu za siri baada ya kula vyura, na ilipofika mwaka 1990 Thomas Eisner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell waliwalisha vyura mbawakawa wale wanaobabua ngozi, wakaikuta sumu ya mbawakawa hao ndani ya nyama ya mapaja. Kaskazini mwa Namibia, chura mkubwa anayeliwa na wengi huwadhuru watu figo na njia ya mkojo akiliwa mapema, kabla ya msimu wa kuzaana kukolea, na wenyeji wana jina la ugonjwa huo, oshiketakata. Ongeza na dawa za mashambani na zebaki zinazoingia bwawani kutoka juu ya mto. Hayo yote sufuria haiyaondoi. Ndiyo maana nimekuwa nikikwambia tangu ukiwa mdogo: usichokitambua usikilenge.

Unakumbuka usiku ule mjomba wako alipowinda vyura kwa ajili ya wakwe zake; ulikuwa umelala chumba cha nyuma, kwa hiyo hadithi yake umeisikia upande wa mjomba wako tu, jinsi anavyopenda kuisimulia. Mimi ndiye niliyeshika tochi. Mjomba wako alikuwa na mkono mtulivu kuliko mtu yeyote niliyemjua; alikuwa akivuta upinde polepole, akishusha pumzi, na mshale ukitoka husikii kitu ila mtikisiko mdogo wa matete. Kila macho yalipong'aa alipiga, na kila alipopiga nilifungua gunia. Nilimwambia tusogee karibu zaidi tuone ngozi. Akasema tukisogea watazama, na kwamba yeye anamjua chura kwa mng'ao wa macho. Hakuna mtu anayemjua chura kwa mng'ao wa macho, mwanangu. Macho ya chura wa majini na ya yule mwenye sumu yote hung'aa.

Nyumbani wakwe zake walikuwa wanasubiri, na mafuta yalikuwa yameshachemka. Nikamwaga gunia ndani ya beseni, chini ya taa, na katikati ya wale wenye ngozi laini inayoteleza na miguu mirefu ya nyuma yenye utando, nikamwona mmoja mnene, mkavu, miguu mifupi, vivimbe mgongoni, na nyuma ya macho yake maziwa mazito yametoka na kuwapaka wenzake waliokuwa juu na chini yake. Nikabeba beseni lote, nikaenda kulifukia. Mjomba wako hakunyanyua sauti. Alisema, "Dada, umenivua nguo mbele ya wakwe zangu," akatoka nje, na chakula cha usiku ule kikawa kimya kitupu.

Neno hilo linanichoma hadi leo. Nimejibishana na nafsi yangu mara nyingi kuhusu beseni lile. Wengine wote walikuwa salama, na ngozi zao zingechunwa na kutupwa hata hivyo. Mtu mwenye subira angewaosha mmoja mmoja, akabadilisha maji, akaosha kisu na mikono kila mara, na huenda nyama ingefaa. Mjomba wako hakosei anaposema hivyo. Lakini gizani, kwa haraka, wageni wamekaa, mafuta yanaungua, nani angenihakikishia kwamba mkono uliogusa maziwa yale haukugusa paja lililokwisha kuchunwa? Na watoto walikuwa wale wa kwanza kupakuliwa. Leo tena ningelifukia. Kinachoniuma ni kwamba angeweza kusogea hatua tatu akaona ngozi, na usiku ule ungekuwa wa kukumbukwa kwa mkono wake mtulivu.

Sasa ncha. Tumia mshale mzito wa kuvulia samaki, wenye ncha ya vijino vinavyomzuia chura asichomoke, au ncha yenye meno matatu au manne, na kamba ifungwe kwenye mshale. Ncha bapa za kuwindia wanyama wakubwa huchana nyama yote, na ncha tupu isiyo na kijino humwachia aende kufia kwenye magugu, jambo ambalo silipendi kabisa. Upinde usiwe mgumu, maana utapiga ukiwa hatua chache tu. Wenye nguvu nyingi utazamisha mshale matopeni hadi mwisho wake. Hakikisha kamba haipiti nyuma ya upote, yaani uzi wa upinde, wala haijazunguka mkono wako, kwa sababu mshale unaokwama na kamba yake ukiwa umeshatoka humrudia aliyeurusha. Piga kuelekea chini, kwenye tope, na kamwe usipige kwa kulala juu ya uso wa maji, kwani mshale huruka ukaenda kwa aliyesimama ng'ambo. Chura aliyetokeza kichwa mlenge pale unapomwona. Aliyezama wote, maji yanampandisha machoni pako, kwa hiyo lenga chini yake kidogo.

Ukimpata, mwue hapohapo kwa pigo moja la nguvu kichwani, kisha mweke kwenye barafu. Nyumbani, mkague kwanza kabla hujamkata: mwenye vidonda au aliyekuwa mlegevu kabla hujampiga asiingie jikoni. Mkate ngozi kiunoni, uishike kwa kitambaa, uvute; inavuka kama suruali. Chukua miguu ya nyuma, uache matumbo bila kuyatoboa. Angalia kila paja kwenye mwanga, na ukiona vile vipande vyeupe vilivyojikunja, tupa. Usishangae nyama ikicheza ukiinyunyizia chumvi. Mishipa ya fahamu ya chura aliyekufa muda mfupi uliopita bado huamshwa na chumvi, na mtoto ajulishwe mapema asije akaogopa. Kama una jeraha mkononi vaa glavu, maana mabuu ya tegu hupenya hata kwenye kidonda. Viatu navyo vioshwe na vikauke kabla ya kwenda bwawa jingine, kwa sababu kuna kuvu anayewaua vyura kwa wingi na anasafiri kwenye tope. Na kabla ya yote, uliza idara ya wanyamapori ni aina zipi zinazoruhusiwa na msimu wake ni lini, kwani baadhi ya vyura wanalindwa kisheria.

Kuhusu mtoto kwenda nawe, umeniomba niseme ndiyo au hapana. Neno liko mdomoni na ninalizuia kwa shida, maana mtoto ni wako na uamuzi ni wako. Nikifikiria upinde mikononi mwako natamani aone. Nikifikiria beseni lile natamani abaki nyumbani. Nenda mchana kwanza, peke yako, bila upinde. Kaa kando ya bwawa uwatazame hao vyura hadi uweze kuwataja mmoja mmoja kwa ngozi na miguu yao, kisha fuata maji uone yanatoka wapi na juu yake kuna shamba la nani na linapuliziwa nini. Niandikie ulichokiona, na kama kuna wale wenye vivimbe uniambie wanakaa upande gani wa bwawa. Nikishasoma hayo, huenda nikashindwa kuendelea kunyamaza kuhusu mtoto.

Mjomba wako anakusalimu. Nimemwambia upinde wake umeshuka ukutani, akauliza kama upote bado ni mzima.

Ni mimi mama yako