Fundi, kilima hiki nakipandaje?

*Fundi, kwetu Goba kuna kilima cha udongo mwekundu. Mvua ikinyesha, IST yangu ikifika katikati inazungusha tairi tu. Nikanyage zaidi?*

Usikanyage, dada. Unachimba shimo. IST nyingi zinavuta kwa tairi za mbele, na gari likipanda uzito unarudi nyuma, kwa hiyo mbele kunakuwa kwepesi. Weka L, ile gia nzito ya mwanzo, ukiwa bado chini, panda kwa mwendo mmoja, usisimame njiani. Ila kwanza kitembelee kwa miguu. Kama kandambili zinateleza, liache gari kwa jirani, upande mdogomdogo.

*Hilux yangu ya gia za mkono ikizima katikati ya mlima nifanyeje?*

Hapa ndipo watu wanapopinduka, maana wazo la kwanza kuja kichwani ni kugeuza. Usigeuze kabisa! Gari likikaa kimshazari mlimani, kubiringika ni dakika sifuri. Kanyaga breki, vuta handibreki. Kanyaga klachi, weka rivasi ya 4L (gia nzito za foo-wili), washa injini, kisha achia klachi taratibu, na handibreki mwishoni. Toa mguu kwenye klachi kabisa, injini yenyewe ikushushe. Tairi zielekee moja kwa moja chini, na macho nyuma. Kumbuka, injini ikiwa imezima breki inabaki na nguvu ya kukanyaga mara chache tu, halafu inakuwa ngumu kama jiwe. Usiipampu.

*Dereva wetu wa Mgeta akishuka anaweka nyutro, anasema anaokoa mafuta.*

Mwambieni awashushe kwanza nyinyi. Gari lenye EFI, yaani mafuta yanapimwa na kompyuta, likishuka kwenye gia huku mguu hauko kwenye mafuta, injini inakata mafuta yenyewe. Nyutro ndiyo inayoyala. Tena kazi yote inabaki kwa breki peke yake. Niliwahi kupanda gari la namna hiyo: tulianza kusikia harufu ya kitu kama mpira unaoungua, pedali ikawa inazama hadi chini. Tuliponea kwenye kichaka. Gia ya kushukia ni ileile ambayo ungepandia, au chini yake.

*Nina Prado, shamba liko Kisarawe. Naweza kukata kilima kwa ubavu ili kisiwe kikali?*

Hapana, kaka. Nyoosha juu. Ukijikuta unateleza ubavuni, geuzia usukani bondeni. Na kama una mihogo kwenye keria, iteremshe, uipakie ndani, uzito usikae juu.