Nichukue 9mm au nisubiri .45?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Kahama, pamoja na uwakala wa fedha, na huwa nafunga saa tatu usiku. Mwaka huu jirani yangu alivamiwa na watu wenye mapanga. Mafunzo nimemaliza na kibali cha bastola nimepata. Muuzaji ana bastola ya saizi ya kati inayotumia risasi za 9mm, na rivolva (bastola yenye silinda inayozunguka) ya .38 yenye mtutu mfupi. Sasa kuna fundi ananiambia hizo zote ni za kuchezea, nisubiri ya .45, yenye risasi nene zaidi, kwa sababu 9mm mtu anaipokea na bado anakuja, ila .45 hata ikimpata mkononi inamrusha chini. Anasema nikishanunua atanilainishia na triga (kifyatulio). Mikono yangu si mikubwa. Nifuate lipi?

Jibu: Marahaba. Chukua hiyo 9mm, na huyo fundi usimwonyeshe hata boksi lake.

Ningeweza kuishia hapo, lakini hii habari ya risasi kumrusha mtu nimeanza kuisikia nikiwa kijana kwenye ghala la silaha jeshini. Nimestaafu, nafundisha raia shabaha, na bado kila mwezi kuna mtu ananijia nayo kana kwamba imegunduliwa jana. Tuipigie hesabu basi. Risasi ya 9mm ina gramu 8 hivi na hutoka mtutuni kwa mwendo wa mita 350 kwa sekunde. Msukumo wake wote ukimwingia mtu wa kilo 70, usipotee hata kidogo, atasogea nyuma kwa mwendo wa sentimita 4 kwa sekunde. Ya .45 ni nzito zaidi, gramu 15, lakini inakwenda taratibu, mita 260 hivi kwa sekunde. Hiyo itamsogeza sentimita 5 na nusu. Kinachogombaniwa kijiweni miaka yote hii ni sentimita moja na nusu, mwendo wa kinyonga. Tena msukumo ule ule unaokwenda mbele unarudi kwenye kiganja chako. Kama ingekuwa na nguvu ya kumrusha jambazi ukutani, na wewe tungekuokota juu ya mifuko ya saruji.

Yule wa kwenye sinema anayeruka nyuma na kupasua kioo amefungwa kamba kiunoni.

Kinachomsimamisha mtu ni mahali risasi ilipoingia na umbali iliofika ndani ya mwili. Ikigusa ubongo au uti wa mgongo, anaanguka pale pale. Ikipita kifuani, anaanguka damu ikishapungua, na hapo katikati ana sekunde kadhaa za kuendelea na alichokuja kufanya, awe amepigwa 9mm au .45. Wengi hukimbia mapema zaidi kwa hofu tu, lakini hofu ya mwenzako huwezi kuipangia. Mkono ni mkono. Ukimpiga mkononi kwa bastola yoyote iliyopo dukani, bado ana miguu miwili na mkono mmoja.

Wamarekani walilipia somo hili kwa damu. Tarehe 11 Aprili 1986, mjini Miami, wapelelezi wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, walirushiana risasi na majambazi wawili. Mmoja wa majambazi alipigwa risasi ya 9mm iliyopita mkononi ikaingia kifuani, ikaishia kabla ya kufika kwenye moyo. Akaendelea kupigana. Kwa jumla alipatwa zaidi ya mara 10 kabla mambo hayajaisha, na wapelelezi wawili wakafa. Lawama zote wakaitupia 9mm. Wakahamia 10mm, wakakuta askari wengi hawaimudu kwa teke lake, yaani inavyorudi kwa nguvu kiganjani. Wakapunguza ukali, na mwaka 1990 ikazaliwa .40. Wakakaa nayo miaka, huku watengenezaji wakiboresha risasi yenyewe, maana tatizo la Miami lilikuwa risasi isiyozama vya kutosha. Halafu wakarudi pale pale walipotoka: mwaka 2016 wakasaini mkataba wa bastola za 9mm. Sababu waliyoitoa ni ile ile ninayoimba kila Jumamosi uwanjani: kwa 9mm askari wao wanapiga haraka zaidi na wanakosa mara chache zaidi. Watu wenye maabara na bajeti ya serikali wamezunguka miaka 30 wakarudi kwenye 9mm, halafu fundi wa kichochoroni anakwambia usubiri .45.

Nikuonyeshe jinsi bastola kubwa inavyomharibu mwanafunzi. Alikuja mfanyabiashara mmoja, mwili mkubwa kuliko wangu, na bastola kubwa aliyoshauriwa anunue. Mita 7, karatasi ya shabaha ya ukubwa wa kifua cha mtu. Risasi ya kwanza ikaingia vizuri. Zilizofuata zikaanza kushuka chini kushoto, chini kushoto, hadi mbili zikachimba mchanga. Akasema bastola ina kasoro. Nikachukua magazini yake (kasha linaloshika risasi), nikachomeka risasi bandia mbili katikati ya zile za kweli bila kumwambia. Alipofika kwenye bandia, akavuta triga, kukawa kimya, na mdomo wa bastola ukainama ghafla kama kichwa cha mjusi anayesalimia jua. Bastola ilikuwa nzima. Mwili wake ulikuwa umeshajifunza kuogopa teke, ukawa unalitangulia. Ugonjwa huo ukishaingia unachukua miezi kuutoa, na kadiri teke linavyokuwa kubwa ndivyo unavyoingia upesi.

Kuhusu rivolva ya .38 sitakaa sana. Ni silaha ya heshima, haichagui risasi, haikwami ovyo, na inakaa vizuri mfukoni. Lakini ina risasi 5 au 6, na triga yake, usipoikoki kwanza kwa kurudisha nyundo nyuma, ina uzito wa dumu la lita 5 la maji. Unavuta dumu hilo kwa kidole kimoja huku ulichoshika mkononi kina nusu kilo tu. Mtutu mfupi nao unakusamehe kidogo sana. Wengi huiita bastola ya wanaoanza. Mimi humpa mtu aliyekwisha kuiva.

Mikono yako midogo ndilo jambo la maana kuliko yote uliyoniandikia, na fundi hakuligusa. Dukani, muuzaji aitoe magazini, akague chemba (pale risasi inapokaa tayari kupigwa) mbele yako, na wewe uikague tena. Kisha ishike juu kabisa, kile kikunjo kati ya kidole gumba na cha shahada kibane nyuma ya kitako. Mtutu uwe mstari mmoja na mfupa wa mkono wako. Sasa peleka kidole kwenye triga bila kuizungusha bastola kiganjani. Inatakiwa ikae katikati ya nyama ya ncha ya kidole. Ikiwa unafika kwa ukucha tu, au inabidi uipindishe ndipo ufike, hiyo ni ya mtu mwingine. Baadhi ya bastola za kisasa zina vibao vya kubadilisha nyuma ya kitako, kwa hiyo uliza kabla ya kukata tamaa. Na vuta slaidi, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma, mara 10 mfululizo. Mara ya nane ukiwa unahema, tafuta nyingine.

Turudi kwa fundi na kulainisha triga. Anachofanya ni kukata au kubadilisha springi na kusugua vyuma kwa msasa. Ndani ya bastola nyingi za kisasa kuna kizuizi kinachoishika pini isigonge risasi mpaka triga ivutwe mpaka mwisho. Ukisugua mahali pasipotakiwa, kizuizi kinabaki jina. Siku inapodondoka kwenye sakafu ya saruji inalia yenyewe, na ikilia haichagui aliyesimama mbele. Bastola za namna hiyo nimezifungua mezani kwangu. Moja ilikuwa na alama za tupa kabisa, tupa ya kunolea panga! Asiye na leseni ya ufundi wa silaha hana ruhusa ya kuigusa, na wewe uliyempa una kesi pamoja naye. Triga ngumu dawa yake ni mazoezi makavu, yaani kuvuta triga bila risasi: chemba tupu iliyokaguliwa mara mbili, risasi ziko chumba kingine, ukuta mnene mbele, dakika 10 kila siku.

Umetaja mapanga. Mwaka 1983 polisi mmoja wa Marekani, Dennis Tueller, aliandika juu ya jaribio alilofanya: mtu mwenye kisu akiwa futi 21, mita 6 na nusu hivi, anakufikia kwa sekunde moja na nusu hivi. Pima mita hizo dukani kwako, huenda zikaishia nje barabarani. Sasa jiulize bastola itakuwa wapi. Kama iko kwenye droo chini ya daftari la madeni, hata ingekuwa mzinga haikusaidii. Mlango wa chuma wenye dirisha dogo la kuhudumia usiku, taa kali ya nje, na kufunga saa kumi na mbili siku za mauzo makubwa vitakununulia sekunde ambazo hakuna risasi inayoziuza. Hivi watu hawapendi kuvisikia kwa sababu havibebeki kiunoni.

Na risasi unayoikosea inaendelea na safari. Ya kawaida ya 9mm, yenye ganda gumu la shaba, inapita kwenye mabati na mlango wa mbao kama haikuona kitu. Angalia nyuma ya kaunta kuna stoo au kuna anakolala kijana wako wa dukani. Kanuni ya Adhabu inakupa haki ya kujitetea, lakini kwa nguvu inayolingana na hatari. Aliyekugeuzia mgongo akikimbia na droo ya mauzo si hatari tena, ni hasara.

Nenda kachukue 9mm, na pesa ambayo ungeongeza kwenye .45 nunulia risasi za mazoezi kadiri kibali kinavyoruhusu. Uwanjani, mita 7, weka risasi 5 ndani ya duara la sahani bila haraka. Ukiweza siku tatu tofauti, niandikie tuendelee na kuichomoa kiunoni. Sahani ninayosema ni ya kikombe cha chai, si ya pilau.