Nimeandikwa Mkurugenzi wa Kampuni Nisiyoijua: Je, Nina Dhima?

SWALI: Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sheikh wetu, mimi ni mkazi wa Makambako na nina duka la pembejeo. Miaka michache iliyopita shemeji yangu, kaka yake mke wangu, alisajili kampuni ya kuzalisha miche ya parachichi na kulima mashamba huko Njombe, akaniomba niwe mkurugenzi wa pili kwa kuwa, kama alivyonieleza, sheria haikubali mkurugenzi mmoja. Nilitia saini makaratasi aliyoniletea dukani bila kuyasoma, na tangu hapo hupokea posho kidogo kila mwisho wa mwezi. Mwaka jana kampuni ilianza kupokea fedha za watu kwa ahadi ya kuwalipa asilimia kumi ya fedha zao kila mwezi. Waumini kadhaa wa msikiti wetu wamejiunga, na baadhi yao wameniambia wazi kwamba waliingia kwa sababu waliliona jina langu. Hadi sasa wanalipwa bila kukosa, lakini mimi sijawahi kuona daftari la mahesabu wala sijui faida hiyo inatoka wapi. Je, nina dhambi ilhali sikumdanganya mtu? Waliojiunga bila kuuliza nao wana makosa? Na mke wangu, ambaye hununua miche hapo kwa ajili ya shamba lake, inampasa aichunguze kampuni kabla ya kununua?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, aali zake na sahaba zake.

Ndugu yangu muulizaji, watu wengi hudhani kwamba kuifahamu kampuni unayofanya nayo muamala ni tahadhari ya mwenye akili, na kwamba asiyejua hupata hasara tu, hapati dhambi. Fiqhi ya miamala haisemi hivyo. Mtume, rehema na amani zimfikie, amekataza biashara ya gharari, yaani ile ambayo jambo lake la msingi limefichikana kwa mmoja wa wahusika, na hadithi hiyo imepokewa na Muslim kutoka kwa Abu Hurayra. Kwa hiyo kutojua kunapofika kiwango fulani huuharibu mkataba wenyewe, hata kama kila mtu aliingia kwa nia njema. Hata hivyo kiwango cha ujuzi kinachotakiwa si kimoja kwa watu wote: anayenunua bidhaa huhitaji kujua machache, anayeweka fedha zake huhitaji kujua zaidi, na anayeendesha hana udhuru wa kutojua. Ndiyo sababu nitakaa zaidi kwenye hali yako wewe kuliko ya wengine uliowataja.

Nabii Yusuf, amani iwe juu yake, alipoomba kusimamia hazina za Misri alitaja sifa mbili za kumstahilisha, kwamba yeye ni mlinzi na kwamba ni mjuzi, kama ilivyo katika Sura Yusuf, aya ya 55. Hakutosheka na uaminifu peke yake, ingawa hapakuwa na aliyemshinda kwa uaminifu. Wewe ulipotia saini ulijitokeza mbele za watu kana kwamba unazo sifa zote mbili, na wao wakakuchukua hivyo. Unasema hukumdanganya mtu, nami nakusadiki kwamba ulimi wako haukutamka uongo. Lakini jina lako lilisema kwa niaba yako, likawaambia waumini kwamba yuko mtu wanayemfahamu anayeangalia mambo ndani, na mtu huyo hakuwapo. Mwenyezi Mungu amesema katika Sura Al-Israa, aya ya 36: «Wala usiyafuate usiyo na ujuzi nayo. Hakika masikio, na macho, na moyo, hivyo vyote vitasailiwa.»

Wanazuoni wameeleza kwamba mkono wa wakili na wa mshirika ni mkono wa amana, maana yake halipi hasara iliyotokea bila kosa lake, ila akivuka mipaka au akizembea. Mtu anayepokea posho ya kusimamia mali za watu kisha asiombe kuliona daftari hata mara moja amezembea, na sioni namna ya kulisema jambo hili kwa upole zaidi. Sheria ya nchi nayo haiko mbali na hapo: Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 haina cheo cha mkurugenzi wa jina tu, na wajibu wa kutenda kwa uaminifu na uangalifu kwa manufaa ya kampuni humwangukia kila aliyeandikwa mkurugenzi. Kwetu huku Nyanda za Juu Kusini kuazimana jina kumekuwa jambo jepesi kama kuazimana jembe, na mara nyingi anayeombwa ni shemeji au binamu ambaye huona haya kuuliza. Kuona haya ni katika imani, lakini si haya hiyo ya kuachia mali za watu zipotee.

Sasa tuitazame hesabu yenyewe, maana ungeweza kuifanya dukani kwako siku ile ya kwanza. Aliyeweka shilingi 1,000,000 hulipwa 100,000 kila mwezi, kwa hiyo baada ya miezi kumi amerudishiwa mtaji wake wote na bado anadai mtaji uleule. Wewe unauza pembejeo, unajua kwamba mparachichi wa kubebeshwa huchukua miaka kama mitatu kabla haujaanza kutoa matunda ya kuuzwa. Miti iliyopandwa mwaka jana haiwezi kuwa ndiyo inayomlipa mtu mwaka huu. Labda kampuni inalipa kutokana na mauzo ya miche, na hilo linawezekana, ila wateja wa miche huwa wengi mvua zinapokaribia na hupungua miezi mingine, wakati malipo haya, kwa maelezo yako, hayapandi wala hayashuki. Inabaki njia ya tatu, kwamba wa zamani wanalipwa kwa fedha za wapya. Simtuhumu shemeji yako, kwa sababu sijaona mahesabu yake, lakini taifa hili lina kumbukumbu ya mpango wa upatu wa DECI, ambao wanachama wake walihimizwa «kupanda mbegu» na kusubiri mavuno, hadi Serikali ilipousimamisha mwaka 2009 na viongozi wake wakatiwa hatiani mahakamani mwaka 2013. Waliovuna mapema walivuna mbegu za wenzao.

Hata tukichukulia kwamba miti ipo na faida ni ya kweli, mkataba huo haukubaliki kisheria katika dini yetu. Faida ya mwenye mtaji inaruhusiwa kuwa sehemu ya faida itakayopatikana, nusu au theluthi au asilimia arobaini, vyovyote mtakavyopatana, na hasara isiyotokana na uzembe wa mwendeshaji ikaanguka kwenye mtaji. Kumhakikishia kiasi maalumu kinachohesabiwa kwa mtaji wake, kazi ipate au ikose, kunabatilisha ushirika kwa ijmai, yaani kauli moja ya wanazuoni, aliyoinukuu mwanazuoni Ibn al-Mundhir, na kunaufanya muamala uwe mkopo wenye riba uliovikwa jina la kilimo. Wakulima watalielewa hili kwa hadithi ya Rafi' bin Khadij katika Sahihi Muslim: watu wa Madina walikuwa wakikodisha mashamba kwa sharti kwamba mazao ya kando ya mifereji ni ya mwenye shamba, basi pengine sehemu hii ikaangamia na ile ikasalimika, au kinyume chake, na Mtume akawakataza. Amesema Rafi' kwamba kukodisha kwa kitu kinachojulikana na kilichodhaminiwa hakuna ubaya.

Ama waliojiunga, nao hawako katika daraja moja. Yule mama aliyeweka akiba yake kwa sababu mtu mwaminifu wa msikiti ni mkurugenzi ana udhuru kuliko mfanyabiashara anayejua kabisa kwamba hakuna zao linalotoa asilimia kumi kila mwezi, akaingia kwa hesabu ya kutoka kabla mambo hayajaharibika. Huyu wa pili ana dhambi, kwa kuwa faida anayoitarajia anajua itatoka kwenye mfuko wa mwenzake. Mwenyezi Mungu ameihalalisha biashara ya kuridhiana katika Sura An-Nisaa, aya ya 29, na mtu hawezi kuridhia asichokijua.

Walichotakiwa kukijua si kigumu. Daftari la makampuni lililoko BRELA, wakala wa Serikali wa usajili wa biashara, liko wazi kwa umma; mtu yeyote hulipa ada akapata taarifa za wakurugenzi na wenye hisa wa kampuni anayoitaka. Lakini wasiishie kwenye cheti cha usajili, ambacho mara nyingi huoneshwa watu kwenye mikutano kana kwamba ni fatwa. Cheti hicho kinathibitisha kwamba kampuni ipo. Ruhusa ya kupokea amana za watu hutolewa na Benki Kuu, na uuzaji wa hisa na dhamana kwa umma husimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, kwa hiyo swali la kuuliza ni: ruhusa hiyo iko wapi? Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Jeddah mwaka 1992, liliruhusu kampuni za hisa ambazo dhima yake haivuki mtaji wake, na sababu iliyotolewa inatuhusu moja kwa moja: kwamba jambo hilo linajulikana kwa wanaofanya muamala na kampuni, na ujuzi unapopatikana gharari huondoka. Maana yake ni kwamba uhalali umejengwa juu ya kujua. (Hapa huwakumbuka pia wale wanaoishi miji ya mbali wakamiliki ekari za mipaina huko Mufindi ambazo hawajawahi kuzikanyaga. Kumiliki kwa wakala kunajuzu, mipaka ikiwa inajulikana na wakala ni wa kweli. Picha ya miti kwenye simu haina mipaka.)

Mkeo ana nafasi pana zaidi. Watu walimwambia Mtume kwamba huletewa nyama na watu ambao hawajui kama wameitajia jina la Mwenyezi Mungu au la, naye akawaambia walitaje wao wenyewe kisha wale. Imepokewa na Bukhari kutoka kwa Bibi Aisha. Wanazuoni wamechukua hapo kwamba mnunuzi hakukalifishwa kupekua mambo ya ndani ya muuzaji, na asili ya bidhaa za sokoni ni halali mpaka ijulikane vingine. Lakini bidhaa yenyewe lazima aijue. Mtume aliingiza mkono katika rundo la nafaka sokoni, vidole vyake vikakuta unyevu, akamkemea mwenye nafaka kwa kuficha ila yake. Na anayenunua katika soko la Mwanjelwa, Mbeya, mchele anaoambiwa ni wa Kyela ana haki ileile ya kuingiza mkono mpaka chini ya gunia. Mche wa parachichi ni mgumu zaidi kwa sababu kosa lake halionekani kwa macho: aliyeuziwa mche wa aina ya Hass huenda akagundua baada ya miaka mitatu kwamba si Hass. Kwa hiyo aulize vikonyo vya kubebeshea vimetoka kwenye miti gani na kama kitalu kinatambuliwa na TOSCI, taasisi ya Serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, apewe risiti inayotaja aina. Akilipa kabla ya kupewa miche, huo ni muamala wa salam, nao haufai mpaka idadi, sifa na siku ya kukabidhiwa viwe vimejulikana na bei imelipwa yote papo hapo. Hata hivyo yeye ameshasikia shaka yako juu ya fedha za kampuni, basi naona ni bora asilipe chochote cha mbele mpaka mambo yabainike.

Linalokulazimu wewe ni kuacha kupokea fedha za mtu mpya kuanzia leo, na kudai kwa maandishi daftari, taarifa za benki na orodha ya waliojiunga, haki uliyo nayo kama mkurugenzi. Ukikuta fedha zinazungushwa, au ukinyimwa mahesabu, waambie waumini wale ulilolijua na usilolijua. Fedha zilizobaki zirudishwe, na hapa naomba msikie lisilopendeza: aliyeweka 1,000,000 akawa ameshapokea 300,000 anadai 700,000, kwa sababu kile kilichoitwa faida huhesabiwa katika mtaji wake, kwa kauli ya Mwenyezi Mungu katika Sura Al-Baqara, aya ya 279, kwamba mwenye kutubu haki yake ni rasilimali yake, hadhulumu wala hadhulumiwi. Aliyekwisha kupokea zaidi ya alichoweka anarudisha ziada kwa waliopungukiwa. Posho zako ziingie humo pia, kwani ulilipwa kwa kazi ambayo hukuifanya. Wanazuoni wametofautiana kama mwenye kuwatia watu katika hadaa bila kukusudia hulipa upungufu kutoka mali yake. Ninaloliona mimi ni kwamba usijilazimishe kulipa yote, lakini walioingia kwa jina lako wawe wa kwanza kufikiriwa katika uwezo ulio nao.

Kujiuzulu kwa barua, na mabadiliko hayo kuandikishwa BRELA, kuje baada ya hayo. Ukijiuzulu leo kimyakimya utakuwa umejiokoa wewe na kuwaacha wale ndani. Na kwa kuwa shemeji yako ni ndugu wa mkeo, anza naye faraghani, kisha wazee wa pande zote mbili waketi nanyi na daftari likiwa wazi mezani. Ila kikao cha wazee kisicheleweshe tangazo la kusimamisha michango, maana wazee wanaweza kukutana Ijumaa na mtu mwingine akaleta fedha zake Alhamisi.

Wallahu aalam.